Maswali ya Wasomaji: Mkaratusi Unaojipasua na Mbao Zinazopinda

Barua nyingi tulizopokea kutoka Gede, Witu, Malindi mjini na visiwa vya Lamu zinazunguka mti mmoja, nao ni mkaratusi. Tumezichapisha pamoja kwa sababu jibu la barua ya kwanza ndilo linalobeba majibu ya zile zinazofuata, na tunamwomba msomaji asiliruke hata kama yeye ni fundi na si mkulima.

*Mheshimiwa mhariri, nilipanda mikaratusi katika shamba langu nje kidogo ya Gede kwa nia ya kupata mbao. Ilipofika umri wa miaka tisa niliwaita mafundi wenye msumeno wa mnyororo. Tulipokata mti wa kwanza vipande vya futi 12 tulisikia mlio wa kitu kinachopasuka, na kabla ya magharibi ncha za magogo zilikuwa na nyufa zinazoanzia katikati na kuelekea kwenye gome. Muuza mbao anasema jua la huku ndilo lililoyakausha. Fundi anasema tulikata mwezi ukiwa mpevu. Jirani yangu anasema niliuziwa miche mibaya. Nani kati yao amesema kweli?* — Mkulima, Gede

Bwana mkulima, hakuna kati yao aliyelipata jibu lote, ingawa jirani yako amelikaribia kuliko wenzake. Jua haliwezi kukausha gogo bichi lenye unene wa futi moja kwa saa chache. Gogo lililoangushwa asubuhi huwa bado limejaa maji jioni. Kilichoyapasua magogo yako kilikuwamo ndani ya mti tangu ulipokuwa umesimama, na msumeno ulikifungulia njia tu.

Mti hunenepa kwa kuongeza tabaka jipya chini ya gome, juu ya tabaka za zamani. Seli za tabaka hilo zinapokomaa, kuta zake huongezeka unene na kujaa lignini, ile dutu inayoufanya mti uwe mgumu, na katika kukomaa huko kila uzi hutaka kufupika kidogo kwa urefu na kutanuka kidogo kwa upana. Hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa umeshikamana na tabaka za ndani zilizokwisha kukomaa. Kwa hiyo tabaka jipya hubaki limevutika, nalo kwa mvuto wake hulibana lile lililo ndani yake. Kisha huja tabaka jingine juu yake na kufanya vivyo hivyo, hata mti mzima ukawa na nje iliyovutika na moyo uliogandamizwa. Yeyote aliyewahi kuwamba kitanda cha kamba anaijua hali hii: kamba zimekazwa, mifumbati imebanwa, na kitanda kimetulia kwa sababu nguvu hizo mbili zimelingana. Ukikata kamba za upande mmoja, kitanda chote huenda mrama.

Katika mikaratusi mkazo huu si mdogo. Mvuto wa tabaka za nje mara nyingi hufika karibu kilo 100 kwa kila sentimita mraba, na mpaka ambapo mvuto hugeuka kuwa mgandamizo uko kama sehemu sita kwa kumi za njia kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Mlipoukata mti kwa kukingama, nyuzi za nje zilikosa kitu cha kuzishika katika ncha ile, zikajivuta kurudi nyuma, huku nyuzi za moyo zilizokuwa zimebanwa zikisukuma kutoka. Ncha ya gogo haiwezi kustahimili nguvu mbili zinazokwenda pande tofauti, hivyo ikapasuka kuanzia katikati kwa umbo la nyota, kama ulivyoeleza. Ule mlio mliousikia ni wa ufa huo ukifunguka.

Mti nao haufanyi haya kwa ukorofi. Mbao hustahimili kuvutwa kwa urefu wa nyuzi zake karibu mara mbili ya zinavyostahimili kugandamizwa. Upepo unapouinamisha mkaratusi mrefu na mwembamba, upande mmoja huvutwa na ule wa pili hugandamizwa, na upande wa kugandamizwa ndio ungeanza kushindwa. Kwa kuwa tabaka za nje zimekwisha kuvutika tangu awali, sharti upepo uumalize kwanza mvuto huo ndipo ugandamizo uanze kuumiza. Kwa mti uliosimama hiyo ni kinga, na ni mpasuaji tu anayeiona kuwa ni hasara.

Kuhusu mwezi, wakataji wa mikandaa huko Lamu wana sababu nzuri ya kuutazama, kwa kuwa bamvua ndiyo inayoziingiza mashua ndani ya mikono ya bahari na kuzitoa zikiwa zimejaa boriti. Lakini mkazo wa mkaratusi umejengeka kwa miaka yote ya uhai wake, na haupungui wala kuongezeka kwa siku za mwezi.

Jirani yako amelikaribia jibu kwa sababu kiasi cha mkazo hutofautiana sana kati ya mti na mti, hata katika shamba moja, na sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa kutoka kwa mti mzazi. Hata hivyo hakuna mkaratusi usio na mkazo kabisa. Tukumbuke pia kwamba mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za magari moshi ya reli, na kwa kuni, gogo linalojipasua lenyewe ni neema. Sisi ndio tuliokuja baadaye tukautaka utupe fremu za milango.

Kosa kubwa katika shamba lako ni umri. Mvuto wa nje katika mti mwembamba hulingana kwa karibu na ule wa mti mnene, lakini katika mti mwembamba mabadiliko kutoka mvuto hadi mgandamizo hutokea katika nafasi finyu, ya inchi chache tu, na kwa hiyo kila ubao hubeba ndani yake tofauti kubwa. Miti ya miaka tisa iuze ikiwa mizima, kama nguzo za umeme, za ua au za ujenzi, kwa kuwa katika nguzo nzima mvuto na mgandamizo hubaki vimelingana. Ile minene na iliyonyooka iache isimame, kisha ukitaka mbao siku zijazo uangushe mmoja kwanza, uukate, ulale, na utazame ncha zake kesho yake kabla ya kuamua juu ya mingine. Mti uangukie mahali laini pasipo jiwe wala kichuguu, maana kishindo huongeza nyufa. Gogo nalo liache refu mpaka saa ya kulipasua, na ulikatapo uongeze angalau shibiri moja kila ncha ya kuja kutupwa.

*Assalaam aleikum. Mimi ni mpasuaji wa mbao huku Witu. Mkaratusi unanitia hasara. Ubao wa kwanza ukitoka tu hujipinda kuelekea nje kama upinde, na ubao unaofuata, ingawa reli ya msumeno imenyooka, hutoka mnene katikati na mwembamba kwenye ncha. Wateja wanadai mimi sijui kazi.* — Fundi, Witu

Waaleikum salaam, fundi. Hayo uliyoyaeleza ni matokeo ya moja kwa moja ya mkazo tulioueleza hapo juu, na wateja wako wanakuonea.

Ubao wa kwanza una uso mmoja uliokuwa karibu na gome, ambako mvuto ni mkubwa, na uso mwingine uliokuwa ndani zaidi, ambako mvuto ni mdogo. Unapoachana na gogo, uso wa nje hufupika kuliko wa ndani, na ncha zake zikaelekea nje. Ubao wa futi 12 uliotoka pembezoni mwa mkaratusi unaweza kufupika kwa milimita 2 hadi 4 mara tu unapofunguliwa, na ingawa kiasi hicho kinaonekana kidogo, tofauti ya milimita moja kati ya nyuso mbili za ubao mwembamba inatosha kuutia upinde unaoonekana kwa macho.

Sasa litazame gogo lililobaki. Umeliondolea kamba za juu, lakini za chini bado zimekazwa. Za chini zinajivuta, ncha mbili zinashuka, na ule uso uliokwisha kukatwa unavimba katikati. Wewe unapitisha msumeno ulionyooka juu ya uso uliovimba, na bila shaka ubao utatoka mnene katikati. Msumeno wako haukukosea. Gogo ndilo lililosogea baada ya mkato wa kwanza.

Dawa yake ni kutoondoa upande mmoja mfululizo. Toa ganda upande wa juu, ligeuze gogo juu chini, utoe ganda la unene uleule upande wa pili, kisha uligeuze robo mzunguko na kufanya hivyo kwa pande mbili zilizobaki. Baada ya hapo endelea kutoa ubao mmoja huku na mmoja kule, ukilegeza mkazo kwa usawa kama mtu anayelegeza boliti za gurudumu. Ni kazi nzito ya kugeuza magogo, na najua kwamba mpasuaji anayelipwa kwa futi hapendi kugeuza; lakini mbao zinazokataliwa sokoni hazikulipi chochote. Ukiona uso umeanza kuvimba hata hivyo, pitisha mkato mwembamba wa kuusawazisha kabla ya kutoa ubao mwingine, hata kama utapoteza nusu inchi. Viwanda vikubwa hutumia misumeno miwili inayokata pande zote mbili kwa wakati mmoja, na sababu yake ni hiyohiyo.

Lipo jambo la urefu ambalo lina faida kuliko yote. Kiasi cha upinde hupungua kwa mraba wa urefu: ubao wa futi 6 hupinda robo tu ya ubao wa futi 12 uliotoka sehemu ileile. Kama mteja anataka miguu ya meza au fremu za madirisha, hapana haja ya kupasua gogo la futi 12 kisha kuzikata mbao. Lakini usivuke mpaka, kwa kuwa kila mkato wa kukingama unazaa ncha mbili mpya za kupasuka, na gogo fupi mno linaweza kuliwa lote na nyufa.

Angalia pia namna ubao ulivyokaa ndani ya gogo. Ubao ambao upana wake unafuata gome hupinda kwa uso, na upinde huo hunyooshwa kwa uzito au kwa misumari unapopigiliwa. Ubao ambao ukingo wake mmoja uko kwenye gome na mwingine unaelekea moyoni hupinda kwa ukingo, na huo haunyoki hata ukaukalia, labda uupige randa hadi uishe. Mkaratusi mwembamba upasue kwa namna ya kwanza. Inchi chache za katikati zenye moyo zitoe zikiwa pande la mraba, lifanye nguzo ya banda, na usijaribu kamwe kulifanya mbao. Katika miti mikubwa sehemu hiyo imebanwa muda mrefu hata nyuzi zake zimekunjamana kwa ndani, na ubao wake hukatika ghafla bila kutoa vipande virefu.

*Mhariri, sisi ni waundaji wa vyombo Matondoni. Mbao nzuri za kale zimekuwa adimu na ghali. Je, mkaratusi unafaa kwa mlingoti? Na kwa mkuku, au mbao za ubavuni?* — Fundi wa mashua, Lamu

Kwa mlingoti, naam, tena hapa ile sifa inayomsumbua mpasuaji wa Witu hugeuka kuwa msaada. Mlingoti ni mti mzima unaoinamishwa na upepo, kazi ileile ambayo mkaratusi ulijiandalia shambani. Chagua mti uliosimama wima, usio na nyuzi zilizojisokota, na uuchonge ungali mbichi kiasi. Tezo yako iondoe sawasawa pande zote: ufanye pande nne, kisha nane, kisha kumi na sita, ndipo uviringe. Ukiuchonga sana upande mmoja kwa sababu una kifundo, utakuwa umeondoa mvuto wa upande huo peke yake, na mlingoti utapinda. Baada ya muda utaona nyufa ndefu za juujuu zikifuata nyuzi. Hizo ni za kukauka, na kama hazijipindi kuuzunguka mlingoti si za kuogopesha sana. Uzito wake ndio wa kufikiriwa zaidi, maana mkaratusi ni mzito, na uzito wa juu hukitikisa chombo kidogo.

Kwa mkuku na mbao za ubavuni siwezi kukushauri uutumie mkaratusi mchanga. Mkuku wenye moyo ndani yake utafunguka nyufa mahali ambapo hukutaka maji yaingie, na ubao wa ubavuni unaotaka kurudi kwenye upinde wake mwenyewe utaivuta misumari kila siku.

*Nina karakana ndogo ya vitanda na makabati hapa Malindi. Mbao za mkaratusi ninazonunua huwa zimenyooka dukani, lakini baada ya wiki chache hupata nyufa ndogondogo juu na nyingine hubonyea kama zimekandamizwa. Je, huo pia ni mkazo wa kukua?* — Bi. mwenye karakana, Malindi

La, bibi, huo ni ugonjwa mwingine, na ni muhimu kuutofautisha kwa sababu tiba zake si moja. Mkazo wa kukua hujidhihirisha saa ileile mti unapokatwa au kupasuliwa, mbao zikiwa mbichi. Kilichokusibu wewe kimekuja polepole, na chanzo chake ni maji kutoka. Mkaratusi hunywea sana unapokauka, na hunywea kwa kufuata mzunguko wa gome kwa kiasi cha karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka gome kwenda moyoni. Uso wa ubao ukikauka mbio wakati ndani bado mna maji, uso hupasuka. Kubonyea ni kuporomoka kwa seli zenyewe, ambazo hufyonzwa kuta zake zikashikana maji yanapotoka, nako huonekana kama mifereji isiyo sawa ubaoni.

Muuzaji wako bila shaka anazianika mbao juani, pengine katika miezi ya kaskazi ambapo joto ni kali na mvua hamna. Zinunue mbichi ukiweza, uzipange mwenyewe kivulini, kila safu ikitengwa na vijiti vya unene mmoja vilivyowekwa kila futi 2 na kupangwa wima kimoja juu ya kingine, kisha uweke mawe mazito juu kabisa. Ncha zipake rangi ya mafuta siku ileile. Upande unaopokea upepo uzibe kwa makuti kwa wiki za mwanzo. Ubao wa inchi moja utahitaji miezi kadhaa, na hapana njia ya mkato isipokuwa tanuri.

*Nimeona magogo yaliyopigiliwa vyuma vyenye umbo la S kwenye ncha. Je, vinasaidia? Na kuchuna gome la mti kabla ya kuuangusha?* — Msomaji, Mpeketoni

Vyuma vinazuia ufa usipanuke, lakini haviondoi mkazo. Vipigwe mara tu baada ya kukata, na vikingame ufa badala ya kuufuata. Kwa nguzo vinafaa sana. Kwa gogo la kupasuliwa, kumbuka kuvitoa, la sivyo msumeno utavikuta. Kuhusu kuchuna gome na kuuacha mti ufe ukiwa umesimama, majaribio ya wataalamu wa misitu yametoa matokeo yanayopingana, nami nisingepoteza miezi yangu kwa hilo. Kuchemsha magogo kwa mvuke hulegeza mkazo kweli, lakini hiyo ni kazi ya kiwanda.

*Nataka kupanda upya huku Magarini, safari hii kwa ajili ya mbao tangu mwanzo. Nianze vipi? Au niache visiki vichipuke?* — Mkulima kijana, Magarini

Anza na mche. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya kiko Gede, si mbali nawe, na huko ndiko kwa kuulizia aina zinazovumilia ukame wa pwani. Usiichukue mikaratusi ya nyanda za juu kwa sababu tu umeiona imenyooka huko. Miche chotara iliyoletwa kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997 hukua haraka, lakini uliza imejaribiwa kwa mbao au kwa nguzo tu.

Panda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miche kama 450 kwa ekari, kisha punguza mapema na kidogokidogo. Anayeacha shamba lisongamane miaka minane halafu akaondoa nusu kwa mkupuo mmoja huiacha miti myembamba wazi kwa kusi, nayo huinama kuelekea kaskazini. Mti ulioinama hujaribu kujinyanyua kwa kujenga mbao za mvuto mkali zaidi katika upande wa juu wa mwinamo, ambao kwetu huwa ni ule wa kusini. Utazitambua siku ya kukata: moyo hauko katikati ya kisiki, na uso uliopasuliwa hutoka na manyoya badala ya kuwa laini. Miti ya namna hiyo ndiyo ya kuondolewa kwanza katika kila awamu ya kupunguza, iende kuwa kuni. Iliyo wima iache mpaka ivuke unene wa sentimita 40 kifuani pa mtu, jambo ambalo linaweza kuchukua miaka 20 au zaidi.

Visiki vilivyochipuka vitakupa nguzo haraka, kwa kuwa mizizi imekwisha kuwapo, lakini karibu kila chipukizi huanza maisha yake kwa kujikunja kutoka ubavuni mwa kisiki, na gogo la chini, ambalo ndilo lenye thamani, hubaki na upinde na mkazo usiolingana. Ukiamua kuviacha, bakisha kimoja au viwili kwa kila kisiki, vilivyotokea chini karibu na ardhi na upande unaopokea upepo, ambako hushika imara zaidi, na uvihesabu kuwa ni nguzo tangu siku hiyo.